Ikague Rauta Kabla ya Kununua Simu ya Intaneti

Majani ya chai yakishachumwa hayamngoji mtu. Yakishindiliwa kwenye magunia kituoni huku lori limekwama topeni, hupata joto, hugeuka mekundu, na yakifika kiwandani hukataliwa. Ndiyo maana katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet simu si pambo la ofisi. Karani wa kituo anataka kujua lori limefika wapi, ofisa wa shambani anataka kujua ni kilo ngapi zimebaki, na mkulima anataka kujua kwa nini kilo zake za jana hazionekani. Msimu wa bonasi ukifika, simu ya ofisi ya kiwanda hulia tangu asubuhi hadi jioni. Kwa ofisi kama hiyo, na vilevile kwa chama cha akiba na mikopo, zahanati au shule ya bweni, simu ya intaneti ina mvuto unaoeleweka: nambari moja hupokewa na makarani wanne kwa zamu, tawi la Litein huongea na la mjini Kericho bila kuhesabiwa dakika, na mkuu wa ofisi akiwa safarini huipokea simu ile ile kama yuko mezani pake. Sina ugomvi na mvuto huo. Ugomvi wangu ni na mahali ununuzi unapoanzia. Watu huuliza kwanza bei ya vifaa vya simu, kisha kasi ya intaneti, na kile kisanduku chenye vitaa vinavyopepesa juu ya kabati la faili hakiulizwi lolote. Nadai kwamba kisanduku hicho, yaani rauta, ndicho kinachoamua kama sauti itasikika, kwa hiyo kikaguliwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Sababu yake iko katika historia. Simu ya mezani iliyoanza na 052, nambari ya eneo la Kericho na Bomet, ilikuwa chombo chepesi kisichojua kitu. Maarifa yote yalikaa katika kituo cha simu mjini. Waya wa shaba ulileta sauti pamoja na umeme wa volti 48 kutoka kwenye betri za kituo, hivyo stima ilipopotea mji mzima, simu iliendelea kulia. Kila mazungumzo yalitengewa njia yake, na hakuna shughuli nyingine iliyoweza kuingia humo hadi mtu aweke mkono wa simu chini. Mfumo huo ulikuwa wa Shirika la Posta na Simu hadi 1999 lilipogawanywa na Telkom Kenya ikazaliwa. Telkom ilibaki na ukiritimba wake hadi 2004, na kabla ya hapo kampuni nyingine hazikuwa na ruhusa ya kupitisha simu za kulipia juu ya intaneti. Kisha mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari zilitua Mombasa, faiba ikaanza kupanda bara, na wakati huo huo wezi wa vyuma wakazidi kuzikata nyaya za shaba. Uharibifu wa miundombinu ulifika kiasi cha Serikali kupiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022. Simu ikahama kutoka kwenye shaba. Lakini zile kazi za kituo cha simu hazikufa. Kutoa umeme, kuitengea sauti njia, kukumbuka simu ya nani iko wapi na kuwazuia wasiohusika, zote zimehamia ndani ya ofisi yako, na aliyekabidhiwa ni rauta iliyonunuliwa kwa ajili ya kusoma barua pepe.

Chukua neno moja tu, chamgei, salamu inayofungulia mazungumzo mengi ya huku. Kulitamka huchukua kama nusu sekunde. Simu ya intaneti hulikatakata vipande vya milisekunde 20, kila kipande kikawa pakiti moja, kwa hiyo salamu hiyo huondoka ofisini ikiwa pakiti 25 hivi. Kila pakiti ni ndogo, baiti 200 pamoja na anwani zake. Sasa tuseme karani wa meza ya pili ameanza kutuma picha za risiti kwenda Nairobi, na laini ya ofisi hupakia kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Pakiti moja ya picha ina baiti 1,500 na huchukua milisekunde 6 kutoka mlangoni. Ikiwa mbele ya salamu kuna pakiti moja ya picha, hakuna atakayejua. Rauta ya kawaida, hata hivyo, hupanga foleni ya anayekuja kwanza, na picha huja kwa mamia. Pakiti 100 zikitangulia, kipande cha salamu kitangoja milisekunde 600. Simu ya upande wa pili haiwezi kukingojea kiasi hicho, hukitupa na kuendelea. Mkulima aliyepiga husikia "cha", kimya, kisha "ei", na jibu lake ni lile tunalolijua sote: sauti inakatakata, nitakupigia baadaye. Hapo kifaa cha simu hakina kosa, wala mnara, wala faiba ya kutoka Nairobi. Kosa liko kwenye foleni ya mlangoni.

Rauta inayofaa huitambua pakiti ya sauti na kuipitisha mbele ya foleni. Simu nyingi za ofisi huzitia pakiti zao alama, namba 46 katika utaratibu wa kimataifa, na rauta yenye sehemu ya QoS, yaani ya kupanga kipaumbele, kwenye mipangilio yake yaweza kuisoma alama hiyo. Lakini kuiwasha QoS peke yake hakutoshi, na hapa mafundi wengi huteleza. Rauta inaweza kuitawala foleni iliyo mikononi mwake tu. Ikiwa laini hupakia megabiti 2 na rauta inadhani ina megabiti 100, itazimwaga pakiti zote haraka kwenye kisanduku cha kampuni ya intaneti, foleni itajengeka huko, na huko hakuna anayejali alama. Fundi apime kwanza kasi halisi ya kupakia, mara kadhaa na kwa saa tofauti, kisha aiambie rauta kwamba kikomo ni pungufu kidogo, tuseme asilimia 85 ya kipimo cha chini. Ofisi itapoteza kasi kidogo na itapata mazungumzo yanayoeleweka.

Msomaji atapinga kwamba intaneti yake ina kasi ya kutosha, maana hata video hazikwami. Hoja hiyo inaonekana nzito, lakini video na sauti ya simu haviishi kwa sharti moja. Video hupakuliwa mapema na kuwekwa akiba, hivyo mtandao ukisita kwa sekunde tatu unaendelea kutazama ile akiba. Mazungumzo hayawezi kuwekwa akiba, kwa kuwa neno ambalo halijasemwa haliwezi kutangulizwa. Isitoshe, matangazo husifu kasi ya kupakua, na nusu ya simu ni kupakia. Wala simu haihitaji kasi kubwa. Kwa kodeki (kanuni ya kuigeuza sauti kuwa data) ya G.711, yenye ubora wa simu ya mezani, mazungumzo mamoja hutumia kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kwa G.729, inayobana sauti, ni kama 31. Makarani kumi wakiongea kwa mpigo hawafiki megabiti moja. Kinachohitajika ni utulivu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, na likaweka 400 kuwa ukomo. Mafundi huongeza vipimo viwili: pakiti zinazopotea zisizidi moja katika mia, na tofauti ya muda kati ya pakiti na pakiti isizidi milisekunde 30. Basi kipimo cha haki hakifanywi Jumapili asubuhi ofisi ikiwa tupu. Kifanywe saa ya kazi, karani mmoja akituma faili kubwa makusudi huku mwingine akiongea kwenye simu ya majaribio.

Kuna kasoro ya pili ambayo husumbua zaidi kwa sababu haifanani na kasoro ya mtandao. Simu inapiga vizuri lakini haipokei, au mmoja anasikia na mwenzake hasikii kitu. Ili kuielewa, iwazie rauta kama askari wa lango la kiwanda mwenye daftari. Vifaa vyote vya ofisi hutoka nje kwa anwani moja, naye huandika nani katoka na kwenda wapi, ili jibu likirudi ajue la nani. Asipomwona mtu akipita kwa muda, hulifuta jina lake. Rauta nyingi hufuta baada ya sekunde 30, ingawa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 unataka zisubiri angalau dakika mbili. Simu iliyokaa kimya kwa dakika moja hujikuta imefutwa, na mkulima anayepiga kutoka Mogogosiek huambiwa nambari haipatikani. Tiba ni kurefusha muda huo kwenye rauta, au kuipanga simu itoe ishara ndogo kila sekunde 20 hivi. Halafu kuna kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho katika rauta nyingi za bei nafuu huja kikiwa kimewashwa. Kiliwekwa kusaidia: huzifungua pakiti za kuanzishia simu na kuzibadilisha anwani zilizomo. Kwa bahati mbaya mara nyingi huzibadilisha vibaya, sauti ikatumwa pasipo na mtu. Kampuni nyingi za simu za intaneti huwaambia wateja wakizime. Swali la kwanza kwa fundi liwe kama rauta yako inakuruhusu kukizima, maana zipo ambazo hazikuruhusu.

Utasikia mtu akisema kwamba simu za WhatsApp hupita kwenye rauta hiyo hiyo bila shida. Ni kweli, na ni kwa sababu WhatsApp ilijengwa ikijua kwamba itakutana na malango ya kila aina. Ikikosa njia ya moja kwa moja hupitisha sauti kwenye mitambo yake yenyewe. Simu za ofisi hutumia utaratibu wa SIP, uliopata umbo lake la sasa mwaka 2002, ambao kwa asili ulitarajia kila kifaa kiwe na anwani yake ya wazi. Kampuni nzuri za simu zimeweka mitambo ya kuziba pengo hilo, nyingine hazijaweka. Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayetumia laini ya 4G au ya setilaiti ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, kwa sababu huko kwa kawaida mteja hukaa nyuma ya lango la pili, la kampuni yenyewe, ambalo yeye hana ufunguo wake. Simu inaweza kufanya kazi vizuri kabisa katika hali hiyo, ila mwuzaji lazima aambiwe mapema na akubali kwa maandishi kwamba mitambo yake inaimudu.

Yote hayo ni bure ikiwa rauta imezimika. Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na mawe hayo hayaji bila radi. Mwenye chai anajua hasara ya mawe kwenye majani. Hasara ya ofisini huanza pale stima inapokatika. Ile betri ya kituo cha simu haipo tena, kwa hiyo ofisi inahitaji yake. Hesabu yake si ngumu. Rauta hula kama wati 12, kisanduku cha faiba wati 8, simu mbili za mezani wati 5 kila moja. Jumla ni 30. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240, ambazo kwa karatasi ni saa nane. Ikiwa ni betri ya asidi haifai kumalizwa hadi chini, kwa hiyo itegemee kwa saa nne. Hizo zinatosha kwa mvua ya alasiri. Hazitoshi kwa usiku kama ule wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu nzima ilipokuwa gizani, na ndiyo maana nambari za ofisi zipangwe zihamie zenyewe kwenye simu ya mkononi laini ikifa. Muulize pia mwenye kukuuzia intaneti kama mtambo wake wa kijijini una betri, kwani rauta yako ikiwaka na mtambo wake umezimika, umewasha taa tu.

Radi nayo ina njia zake. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Lakini waya wa stima hupitisha, na waya wa shaba ushukao kutoka kwenye antena juu ya paa hupitisha vizuri zaidi, ukaishia ndani ya rauta. Antena iwe na waya wa ardhini, na kizuia radi kiwekwe kabla waya haujaingia ndani. Tahadhari hiyo inagusa pia jambo linalosahauliwa viwandani, yaani umbali. Waya wa kawaida wa mtandao haufai kuzidi mita 100, na kutoka ofisini hadi kwenye mizani ya malori au stoo ya kuni mara nyingi ni zaidi. Wi-Fi haitaokoa jahazi hapo, kwa kuwa kuta nene, mabati na mashine za chuma huimeza. Baina ya jengo na jengo pitisha faiba: inafika mbali na haibebi radi. Anayetumia 4G asiiweke rauta pale penye soketi tu. Aiweke dirishani, upande wa mnara, na akumbuke kwamba msitu wa mikaratusi uliopandwa kwa ajili ya kuni za kiwanda ni ukuta mbele ya mawimbi. Mvua kubwa pia huidhoofisha laini ya setilaiti kwa dakika kadhaa, na huku mvua kubwa ni ya kawaida.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni la gharama. Mashamba makubwa, yale ambayo Brooke Bond ilianza kuyafungua Kericho katika miaka ya 1920, yanaweza kuajiri wahandisi. Chama cha wakulima chenye ofisi ya vyumba viwili hakiwezi, na rauta yao ni mali ya kampuni ya intaneti, imefungwa kwa neno la siri. Kwa nini wasibaki na simu za mkononi? Kwa ofisi yenye karani mmoja, nakubali, wabaki nazo. Ikiwa ofisi ina makarani watatu na zaidi, hali inabadilika, kwa sababu nambari ya simu ya mkononi humfuata karani anapoacha kazi, na wakulima huendelea kumpigia mtu ambaye hayupo. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mhandisi. Soma jina na modeli chini ya rauta, umpelekee mwenye kukuuzia simu, umwulize kama ameshaifunga mahali na ikafanya kazi. Ikiwa imefungwa kwa neno la siri, iombe kampuni ya intaneti izime SIP ALG, au ikigeuze kisanduku chake kiwe daraja tu ili uweke rauta yako nyuma yake. Usiziunganishe mbili zote zikifanya kazi ya lango, utakuwa umeongeza askari wa pili mwenye daftari lake. Kisanduku cha faiba kikiwa na tundu la simu, usidhani ni lako, kwani mara nyingi limefungwa kwa huduma ya kampuni hiyo pekee. Uliza pia mitambo ya sauti iko wapi. Tangu mwaka 2000, licha ya kufungwa kwa muda hadi 2002, Nairobi ina kituo cha KIXP ambako kampuni za intaneti hubadilishana mizigo yao humu humu nchini. Mitambo ikiwa Nairobi, simu ya Kericho kwenda Bomet haina haja ya kuvuka bahari na kurudi. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipokatika, tofauti hiyo haikuwa ya kinadharia.

Jambo la mwisho la kukagua ni kufuli. Fundi asiye mwangalifu, simu ikikataa kupokea, hufungua mlango wa 5060 kwenye rauta uelekee moja kwa moja kwenye simu. Itapokea, lakini duniani wapo wanaotafuta milango hiyo usiku na mchana, na wakiipata ikiwa na neno la siri la kiwandani hupiga simu za ng'ambo kwa mamia hadi asubuhi, ankara ikaja kwa mwenye laini. Badilisha neno la siri la rauta pamoja na la kila simu, na umtake mwuzaji afunge simu za nje ya nchi hadi uziombe.

Kwa hiyo, mwenyekiti, meneja, mwalimu mkuu, mkataba wa simu ya intaneti ukiletwa mezani, usiutie sahihi siku hiyo. Omba simu mbili za kuazima kwa wiki moja. Zijaribu saa za kazi, siku ya malipo, wakati wa mvua, na jioni moja chomoa stima ukutani mtu akiwa katikati ya mazungumzo. Rauta ikishindwa, utakuwa umegundua wakati fedha za wakulima bado ziko kwenye akaunti.